Reli ya sentimita moja: jinsi hobi ya treni ndogo inavyoweza kuwa bidhaa inayolipa

Wiki hii nimeombwa niandike kuhusu kazi ninayoifanya hapa Buger: kutengeneza reli ndogo, treni ndogo na mandhari yake, yaani vilima, miti, nyumba na barabara, vyote juu ya kipande cha ubao unachoweza kukibeba kwapani. Wengine wanaona huu ni mchezo wa watoto, na watoto wetu kweli wanatengeneza magari ya waya na ya maboksi tangu zamani. Ila kuna watu wazima duniani wanaotumia jioni zao zote kwenye kazi hii, na wanalipa hela nzuri kwa kitu kilichotengenezwa sawasawa.

Somo la leo ni moja: KINACHOTENGANISHA MCHEZO NA BIDHAA NI KIPIMO. Kipimo cha kazi, halafu kipimo cha bei. Ukikosa kimoja, utauza kwa bei ya kutupa hata kama mikono yako ni ya dhahabu.

1. TUANZE NA FUNDI BATI MMOJA

Mwaka 1859, katika mji wa Göppingen kule Ujerumani, fundi bati aitwaye Theodor Märklin alianza kutengeneza vyombo vidogo vya bati vya jikoni kwa ajili ya nyumba za wanasesere. Fundi bati, kama hawa wetu wanaotengeneza makarai na koroboi. Mke wake Caroline alikuwa akizunguka kutafuta wateja, na mumewe alipofariki aliendelea kuishikilia biashara.

Waliona kitu kimoja ambacho kila mchuuzi anatakiwa akione. Mtu akishanunua nyumba ya mwanasesere, harudi mikono mitupu. Anarudi kununua sufuria, kesho kiti, kesho kutwa kitanda. Mwaka 1891 watoto wao walipeleka wazo hilohilo kwenye treni: wakaonyesha kwenye maonyesho ya Leipzig treni yenye reli unazoweza kuziongeza kidogo kidogo. Leo unanunua mduara, mwakani unaongeza stesheni. Jina Märklin hadi leo ni kubwa kwenye treni ndogo.

Ujerumani hukohuko, mjini Hamburg, ndugu wawili mapacha, Frederik na Gerrit Braun, walifungua mwaka 2001 sehemu inaitwa Miniatur Wunderland. Ni reli ndogo ndani ya jengo: milima, miji, mpaka uwanja wa ndege. Watu wanalipa kiingilio kuitazama tu, na kwa mwaka wanaingia zaidi ya milioni 1. Sikuambii ufungue Hamburg yako Karatu. Nakuambia soko la kitu hiki lipo, na baadhi ya watu wa soko hilo wanapita kwenye barabara ya Ngorongoro kila siku wakiwa ndani ya magari ya safari.

2. CHAGUA SKELI MOJA, USIYUMBE

Skeli ni ile ya kwenye ramani ya shule. Ukisema 1:100, maana yake kila mita 1 ya kitu halisi inakuwa sentimita 1 kwenye kazi yako. Mimi naipenda hii kwa sababu rula ya mtoto wa shule inatosha. Hebu tuone:

- Mtu wa mita 1.7 anakuwa sm 1.7
- Mlango wa mita 2 unakuwa sm 2
- Gari la safari la mita 5 linakuwa sm 5
- Behewa la mita 20 linakuwa sm 20
- Mgunga wa mita 8 unakuwa sm 8

Sasa njoo kwenye reli yenyewe, maana hapo ndo mteja anayejua anakukamata. Tanzania tuna reli za upana wa aina tatu. Reli ya zamani, ile ya Kati pamoja na hii yetu ya kaskazini ya Tanga, Moshi hadi Arusha, ina upana wa milimita 1,000, ndo maana inaitwa reli ya mita. TAZARA ina milimita 1,067. SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, ina milimita 1,435. Kwa skeli ya 1:100, reli ya Arusha inakuwa sentimita 1 kamili, TAZARA inazidi kidogo sana ambapo jicho halioni, na SGR inakaribia sm 1.4. Tofauti ya SGR inaonekana. Ukipaka behewa rangi za kisasa halafu ukaliweka kwenye reli ya sm 1, mjuzi anajua hujafanya kazi ya nyumbani.

Kuna siku mgeni mmoja wa makamo alisimama mbele ya meza yangu, hakuuliza bei. Aliinama, akaweka ukucha wake katikati ya reli mbili, akaongea na dereva wake. Dereva akanigeukia: "Fundi, mzee anauliza hii reli ni ipi?" Nikamjibu ni ya kwenda Arusha, reli ya mita, na mita kwangu ni sentimita moja. Yule mzee alitoa kijirula kwenye begi, akapima, akacheka peke yake. Pembeni yangu siku hiyo palikuwa na treni nzuri tu ya mbao, imepigwa vanishi, inang'aa, kubwa kuliko yangu. Hakuigusa. Alilipa bei niliyoitaja bila kuomba punguzo.

Mteja wa aina hii ananunua UKWELI. Urembo unakuja baadaye.

Sasa, ukipata mteja mwenye reli yake nyumbani Ulaya, uliza skeli yake kwanza. Iliyoenea zaidi ni 1:87. Hapo chukua kipimo halisi kwa milimita, gawanya kwa 87. Mlango wa mita 2 unakuwa sm 2.3. Wateja hawa treni wanazo, za kiwandani, tena nzuri kuliko tutakazotengeneza. Wanachokosa ni mandhari ya huku: duka la bati lenye benchi nje, nyumba ya tembe kama za wazee wetu Wairaqw, mgunga, zizi la ng'ombe, bodaboda imeegeshwa chini ya mti. Hivyo ni vidogo, vyepesi, na mtaji wake ni mdogo. Kwa anayeanza, anzia hapo.

3. MLIMA HAUPIMIKI

Hapa skeli ina mtego. Kilimanjaro ina mita 5,895. Kwa 1:100 unahitaji mlima wa karibu mita 59! Hata kilima cha mita 200 nyuma ya shamba kinakuwa mita 2, hakiingii mlangoni. Kwa hiyo mafundi wa kazi hii duniani kote wanafanya hivi: vitu vya karibu, yaani reli, gari, mtu na nyumba, vinapimwa kwa skeli bila huruma. Vitu vya mbali vinafupishwa, au vinachorwa kwenye ubao wa nyuma.

Siri ya umbali ni rangi. Mbele weka rangi kali: udongo mwekundu, kijani iliyokolea. Kadiri unavyorudi nyuma, changanya rangi na nyeupe kidogo na bluu kidogo. Simama asubuhi hapa Buger utazame milima ya mbali, utaona mwenyewe haina kijani, ina rangi ya moshi. Fuata macho yako, usifuate unachokijua.

4. VIFAA: KARIBU VYOTE VIPO

Kwa ubao wa sm 30 kwa sm 20 (kwa skeli ya 1:100 ni eneo la mita 30 kwa 20), mimi natumia hivi:

Kitako: plaiwudi nyembamba, na fito za mbao chini yake pande zote nne ili isipinde. Plaiwudi isiyo na fito ikilowa gundi inajikunja kama chapati.

Ardhi: ile foamu nyeupe nyepesi inayokuja ndani ya maboksi ya TV. Omba kwenye maduka ya umeme, wengi wanaitupa. Kwa mteremko laini, kata kwa kisu chenye makali. Kwa ukuta wa mawe, USIKATE, vunja kwa mkono. Ule uso uliovunjika unafanana na mwamba. Funika kwa vipande vya gazeti vilivyolowekwa kwenye gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji. Usitumie uji wa ngano. Ni rahisi kweli, ila mende na wadudu wa unga wanaupenda, na ubao utakaoliwa baada ya miezi sita utakuharibia jina.

Udongo na majani mafupi: vumbi la msumeno. Lichekeche, litie rangi, lianike. Rangi ya ardhi yetu ya Karatu unaipata kwa red oksaidi ile ya sakafu, changanya na kahawia kidogo isiwake sana. Paka gundi, nyunyiza, subiri ikauke, pindua ubao, gonga. Inayodondoka kusanya, itatumika tena.

Miti: chukua waya wa umeme wa zamani, toa ganda, utapata nyuzi nyembamba za shaba. Zisokote pamoja upate shina, juu zitawanye upate matawi. Kwa mgunga, lalisha matawi yawe bapa kama mwavuli. Majani ni sponji la godoro lililokatwakatwa kwa mkasi na kutiwa rangi. Nyasi ndefu ni katani, ikate fupi: kwa 1:100 nyasi ya kufika magotini ni milimita 5 tu. Wengi wanaharibu hapa, wanaweka nyasi ya sm 2, inakuwa mrefu kuliko mtu.

Reli: waya wa mabati ulionyooshwa, wa unene wa milimita 1 hadi 1.5. Mataruma ni njiti za kiberiti zilizokatwa sm 2. Tengeneza kipimo kimoja cha bati au mbao chenye mfereji wa upana wa reli yako, kitumie kila unapogandisha. Macho yanachoka, kipimo hakichoki.

Kokoto za reli: vigae au matofali ya kuchoma yaliyovunjika. Twanga, chekecha kwa chujio la chai, tumia zile chembe ndogo. Zimwage kavu kati ya mataruma, zipange kwa brashi. Halafu dondoshea gundi iliyochanganywa na maji, na ndani yake weka tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo. Bila sabuni, gundi inakaa juu kama tone la maji kwenye jani la mgomba na inasukuma chembe zote pembeni. Ukiweka sabuni inazama yenyewe. Tone moja tu, jamani, usifue.

5. USIMTIE MTEJA MATATANI

Hili ni la kuzingatia sana kwa sisi tunaouza kwa wageni.

Kwanza, udongo halisi, mbegu, nyasi mbichi na mbao zenye magome vinaweza kuzuiwa mgeni akifika kwao. Australia na New Zealand ni wakali mno kwa vitu hivi. Ndo maana nimekuelekeza rangi badala ya udongo, na tofali la kuchoma badala ya changarawe. Mbao iwe imekauka, haina gome, haina tundu la mdudu.

Pili, usipambe kwa unyoya, mwiba wa nungunungu, mfupa au kipande chochote cha mnyamapori, hata ukikiokota. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haitanii, na mwenye kosa ni wewe na aliyenunua. Na kwa sisi majirani wa msitu wa Marang: ule upo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara. Kijiti cha kutengenezea mti wa sm 8 kitafute kwenye mabaki ya seremala.

Tatu, ufungaji. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na wageni wanaambiwa hivyo kabla hawajaja. Funga kwa boksi, gazeti na kamba ya katani. Treni ifungwe kando, isiachwe juu ya reli. Jaribio langu ni rahisi: boksi linapanda bodaboda kutoka Buger hadi Karatu mjini. Likifika salama kwa barabara yetu, litafika Berlin.

6. SASA HESABU

Chukua mfano huu. Bei ni za kufundishia, weka za kwako.

Plaiwudi na fito: 3,000
Gundi: 2,500
Rangi: 3,000
Waya, sponji na vidogovidogo: 1,500
Boksi na karatasi: 2,000
JUMLA YA VIFAA: 12,000

Wengi wanaishia hapo, wanazidisha mara mbili, wanauza 24,000 na kusema "nimepata faida mara mbili". Hapana. Ubao huo umekula saa 14 za kazi. Tuseme saa yako ni 2,500, hiyo ni 35,000. Nauli na vinavyoharibika, 5,000. Gharama yako halisi ni 52,000. Aliyeuza 24,000 amempa mgeni zawadi ya 28,000, na mgeni hata hajui kama apige asante.

Ongeza faida ya robo, 13,000. Bei yako ni 65,000.

Je, ukipeleka dukani kwa mali kauli? Tuseme mwenye duka anachukua asilimia 30 ya bei ya rafu. Hapa ndo wengi tunapigwa bila mtu kutuibia. Unachukua 65,000, unaongeza asilimia 30, yaani 19,500, unaandika 84,500. Inauzwa, mwenye duka anachukua asilimia 30 ya 84,500, ambayo ni 25,350. Unabaki na 59,150. Umepoteza 5,850 kwenye kila ubao, na mwenye duka hajakudhulumu hata shilingi.

Hesabu sahihi: GAWANYA KWA 0.7. 65,000 gawanya kwa 0.7 ni karibu 93,000. Toa asilimia 30, unabaki na 65,100. Kama anachukua asilimia 20, gawanya kwa 0.8. Asilimia 40, gawanya kwa 0.6. Iandike ukutani.

Na mali kauli isiwe ya kauli tupu. Daftari, tarehe, idadi, bei, sahihi mbili. Mwenye duka mwaminifu hatakasirika, naye anapenda kumbukumbu.

Kushusha gharama, usishushe saa yako, shusha saa zenyewe. Tengeneza bao sita kwa pamoja. Gundi ya wa kwanza ikikauka unapaka wa pili. Siku ya miti tengeneza miti hamsini. Utashangaa saa 14 zinashuka hadi 9 au 10 kwa ubao, na ubora uko palepale.

7. UZA KITU KINACHOENDELEA

Rudi kwa Märklin na sufuria zake. Kwenye bao zangu zote, reli inaingia na kutoka sm 5 kutoka ukingo wa mbele, na urefu kutoka mezani ni uleule. Maana yake ubao wowote unaungana na mwingine wowote. Aliyenunua stesheni ya Arusha anaweza kuagiza shamba la kahawa la Moshi, kisha mkonge wa Tanga, na treni ileile inapita zote.

Hii inatusaidia na sisi mafundi. Mkikubaliana kipimo kimoja, mwingine anaweza kutengeneza miti tu, mwingine mabehewa, mwingine nyumba. Hakuna anayelazimika kujua yote.

Kwa wapenzi wa treni wenyewe, jifunze historia kidogo, inauza. Mfano, East African Railways walikuwa na vichwa vya mvuke vya aina ya Garratt, Daraja la 59, vilivyotengenezwa Manchester, Uingereza, miaka ya 1950. Vilikuwa 34, kila kimoja kina tani 252, na kila kimoja kilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Kimojawapo, namba 5918, kinaitwa Mount Gelai, na kipo makumbusho ya reli Nairobi. Gelai ni mlima wetu, uko Longido karibu na Ziwa Natron! Mweleze hivyo mgeni aliyetoka kuuona, utaona anavyokaa chini. Ila kumbuka kichwa hicho kina urefu wa karibu mita 32, kwa 1:100 ni sm 32, hakienei kwenye ubao mmoja. Muuzie bao mbili.

Na usiseme uongo. Reli haijafika Karatu, inaishia Arusha. Ukiweka treni chini ya vilima vya Ngorongoro, kwenye karatasi yako andika "mandhari ya kufikirika". Kwenye hobi hii kufikirika kunaruhusiwa kabisa. Kudanganya hakuruhusiwi.

KAZI YA NYUMBANI

Usinunue kitu chochote wiki hii. Chukua rula, chagua nyumba moja unayoijua, pima mlango, dirisha, urefu wa ukuta na mteremko wa paa. Itengeneze kwa boksi la viatu kwa skeli ya 1:100. Kisha kata mtu wa karatasi wa sm 1.7, msimamishe mlangoni. Kama anaweza kuingia bila kuinama, na akinyoosha mkono anafika kwenye kitasa, tayari umeanza. Andika ni saa ngapi umetumia, kwa sababu hizo saa ndo sehemu kubwa ya bei yako.

Anayetaka kuendelea zaidi, SIDO wana ofisi Arusha, nenda ukaulize kuhusu mafunzo na ufungashaji. Wiki ijayo nitaeleza kutengeneza gari la safari la sm 5 lenye magurudumu yanayozunguka. Mtumie somo hili mwenzako mwenye mikono mizuri anayeuza kwa bei ya kutupa.